Kibao Mbele ya Nyumba: Marekani Wanauliza Kimechomekwa Wapi

Kwetu, ukiona nyumba imeandikwa maneno makubwa ukutani kwa rangi, mara nyingi ni "NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI". Kiwanja nacho husimikiwa kibati chenye onyo hilo hilo. Basi mtu akitoka Dar es Salaam au Nairobi akafikia vitongoji vya Marekani, anakutana na kibao kinachosema kinyume: kinaning'inia kwenye nguzo nyeupe katikati ya nyasi zilizonyolewa, kinatangaza kwamba nyumba inauzwa, na picha ya dalali anayetabasamu iko pembeni. Mwaka wa uchaguzi ukifika, nyasi zile zile huota vibao vingine: vya wagombea wa urais, wa useneta, wa bodi ya shule, hata wa ujaji.

Ukipita kwa gari unaweza kudhani kila mtu anachomeka anachotaka, maadamu nyasi ni zake. Mimi nilidhani hivyo. Mwaka 2024, huku Minnesota, nilipewa kibao cha mgombea udiwani ninayefahamiana naye, nikakichomeka karibu kabisa na barabara ili madereva wakione. Siku ya pili yake hakipo. Nikawashuku wapinzani wake, nikalalamika kwenye grupu la WhatsApp, jamaa wakanipa pole. Kumbe kilikuwa kimelala kwenye yadi ya magari ya mji, kimerundikwa na vibao vya vyama vyote, vya madalali, na kimoja cha fundi wa kuzibua mifereji ya paa. Dada aliyenipokea alinieleza kwa upole kwamba wafanyakazi wao hawaangalii kibao kimeandikwa nini. Wanaangalia kimesimama wapi. Nilikuwa nimekichomeka kwenye ardhi ya umma, ndani ya kile nilichokiita uwanja wangu kwa miaka sita.

Tangu hapo, mtu akiniuliza habari za vibao namuuliza kwanza: zile waya mbili zimeingia kwenye ardhi ya nani?

Mtanzania yeyote aliyewahi kuona X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba anajua maana ya hifadhi ya barabara. Marekani nayo ipo, ila haipakwi rangi. Barabara ya mtaa haiishii pale lami inapoishia. Ule ukanda wa nyasi kati ya lami na njia ya waenda kwa miguu kwa kawaida ni wa umma, na mara nyingi hifadhi huendelea futi kadhaa hata ng'ambo ya njia hiyo. Nyasi zake unazikata wewe. Usipozikata, mji unakuandikia barua. Theluji ya kwenye njia, katika miji mingi, unaizoa wewe. Lakini kuchomeka kitu hapo ni marufuku, au kuna masharti yake. Mtaa usio na njia ya miguu ndio unaowaponza watu wengi, kwa kuwa hakuna alama yoyote ya kukuonyesha mpaka. Hapo inabidi utafute ramani ya upimaji ya kiwanja, au bikoni zenyewe ambazo mara nyingi ni vyuma vilivyofukiwa. Wazoefu wana kipimo chao cha macho: kaa upande wa nyumba kuliko nguzo ya umeme na bomba la zimamoto. Si sheria, lakini kingeniokoa.

Nyumba ya kona ina mtego wake. Miji mingi huchora pembetatu ya kuonea pale barabara mbili zinapokutana, na ndani yake hakitakiwi kitu chochote kinachomziba dereva macho, uwe ua wa maua au uso wa mgombea. Hata kama ardhi ile ni yako kwa hati, kibao kitang'olewa.

Na nguzo za umeme? Kwetu nguzo haijawahi kuwa na nafasi tupu: mgombea juu, mganga kutoka mbali katikati, fundi friji chini. Los Angeles walipiga marufuku kubandika vibao kwenye nguzo na mali nyingine za umma, na waliomuunga mkono mgombea mmoja wa udiwani aliyekuwa ametundika vyake kwenye nyaya za nguzo mwaka 1979 wakaenda mahakamani. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1984 mji ukashinda. Majaji walikubali kwamba kupunguza uchafu wa macho ni sababu halali, mradi marufuku inawabana wote sawasawa. Ndiyo maana kibao kilichopigiliwa kwenye nguzo huondolewa bila mjadala, awe mwenye chake ni nani.

Sasa turudi ndani ya mpaka wako. Hapa mji nao una sauti, lakini sauti yenye kikomo. Sheria ndogo za miji huweza kutaja ukubwa wa kibao, idadi, urefu kutoka ardhini, umbali kutoka mpakani, kama kinaruhusiwa kuwaka taa. Kibao cha kawaida cha kampeni kina upana wa inchi 24 na urefu wa inchi 18, yaani futi tatu za mraba. Ni plastiki yenye vijitundu ndani kama boksi la katoni, na kinasimama kwa waya ulioungwa kwa umbo la H: miguu ya chini unaikanyaga iingie udongoni, ya juu inapenya kwenye vijitundu. Udongo ukiwa mkavu waya unapinda, ukilowa kibao kinalala kwa upepo wa kwanza. Kwa ukubwa huo hutagombana na miji mingi. Ugomvi huanza mtu akileta kibao cha ukubwa wa mlango.

Kitu ambacho mji hauwezi, au unaweza kwa taabu kubwa, ni kuchagua maneno. Kesi iliyoweka msingi wa hilo ilianzia Ladue, kitongoji cha matajiri nje ya St. Louis, Missouri. Tarehe 8 Desemba 1990, mwanamke mmoja mkazi wa hapo, Margaret Gilleo, alichomeka mbele ya nyumba yake kibao cha kupinga vita ya Ghuba. Kikatoweka. Akaweka kingine, kikaangushwa. Alipopiga ripoti polisi, akaambiwa vibao vya namna hiyo ni marufuku katika mji wa Ladue. Akaomba ruhusa maalumu kwa halmashauri, akanyimwa. Akafungua kesi, na mahakama ikampa zuio dhidi ya mji. Hapo akabandika kijikaratasi kwenye dirisha la ghorofani, ukubwa wa karatasi ya kawaida ya kuandikia barua, kikisema anataka amani Ghuba. Mji ukaandika sheria mpya iliyokataza hata vya dirishani.

Kinachonichekesha katika sheria ile ni kwamba kibao cha "Nyumba inauzwa" kiliruhusiwa. Yaani mtu angeweza kuwatangazia majirani kwamba anahama, asiweze kuwaambia kwa nini amechoka. Juni 1994 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliifuta sheria hiyo. Jaji John Paul Stevens, aliyeandika hukumu, alitoa hoja ambayo mtu wa uswahilini angeielewa mara moja: nani anasema na anasemea wapi ni sehemu ya maneno yenyewe. Ujumbe wa kijamaa ukitundikwa kwenye nyasi za jumba la kifahari haumaanishi kitu kile kile kama ukibandikwa kwenye ukuta wa kiwanda. Tena kibao cha mbele ya nyumba ni rahisi, hakihitaji fedha za redio wala televisheni, na hakuna kinachochukua nafasi yake. Mji ungeweza kupunguza msongamano kwa njia nyingine. Kuufunga mlango wote ilikuwa kupita kiasi.

Miaka 21 baadaye ikaja kesi iliyowatoa jasho wanasheria wa miji nchi nzima. Gilbert, mji ulio karibu na Phoenix, Arizona, ulikuwa umegawa vibao kwa mafungu kufuatana na kinachosemwa. Kibao cha itikadi: hadi futi 20 za mraba, bila kikomo cha muda. Cha siasa: hadi futi 16 kwenye makazi, kuanzia siku 60 kabla ya kura za mchujo hadi siku 15 baada ya uchaguzi mkuu. Cha kuelekeza watu kwenye tukio: futi sita tu, saa 12 kabla ya tukio na saa moja baada yake. Mchungaji Clyde Reed alikuwa na kanisa dogo lisilo na jengo, linalohamahama, na waumini walichomeka vibao 15 hadi 20 Jumamosi alfajiri kuonyesha ibada ya Jumapili itafanyika wapi, wakaving'oa Jumapili mchana. Mji ukawaandikia makosa: vilikaa kuliko muda wake, na vingine havikuwa na tarehe. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, bila jaji hata mmoja kupinga matokeo, iliamua kwamba kanuni ya kibao ikibadilika kufuatana na ujumbe ulioandikwa, basi mji unabagua maneno, na serikali inayobagua maneno lazima iwe na sababu nzito sana. Jaji Clarence Thomas ndiye aliyeandika. Jaji Elena Kagan alikubali mchungaji ashinde lakini akaonya kwamba mantiki ile ingebomoa hata sheria ndogo zisizo na ubaya wowote.

Onyo lake halikuwa la bure. Miji mingi ililazimika kuandika upya. Kanuni za kisasa hukwepa neno "siasa" na neno "mauzo", zikasema tu "kibao cha muda". Kwa mfano, badala ya kuruhusu kibao cha "Nyumba inauzwa", sheria ndogo inaweza kusema kwamba nyumba ikiwa sokoni, uwanja wake unaongezewa kibao kimoja. Dalali atakitumia kutangaza, bila shaka. Lakini kwa maandishi ya sheria mwenye nyumba angeweza kukiandika "Yanga bingwa" na ofisa wa mji akapita zake.

Vibao vya madalali vina historia yake, na ni chungu kuliko wengi wanavyodhani. Willingboro, New Jersey, ni mji uliojengwa na kampuni ya Levitt mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa familia za kipato cha kati. Mwanzoni ulikuwa wa weupe karibu watupu. Wakazi wasio weupe walipofika takriban asilimia 12 mwaka 1970 na 18 mwaka 1973, hofu ikaingia kwamba weupe wangeuza kwa pupa na kukimbia. Zilikuwa zama ambazo baadhi ya madalali sehemu nyingi za Marekani walipita mlango hadi mlango wakiwatisha weupe kwamba weusi wanakuja, wakanunua nyumba kwa bei ya kutupa, kisha wakawauzia weusi kwa bei ya kuruka; mchezo huo ulipigwa marufuku na sheria ya makazi ya mwaka 1968. Halmashauri ya Willingboro iliona safu ya vibao vya "Inauzwa" ndiyo inayochochea hofu, na mwaka 1974 ikavipiga marufuku. Nia ilikuwa nzuri: mji ubaki mchanganyiko.

Aliyeandika hukumu ya kuifuta marufuku hiyo, mwaka 1977, alikuwa Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi katika Mahakama ya Juu. Wakenya wanamjua kwa jambo jingine. Mwaka 1960 alikwenda London, kwenye mkutano wa Lancaster House, akiwa mshauri wa ujumbe wa Waafrika wa Kenya, akaandaa rasimu ya haki za raia kwa ajili ya katiba ya nchi iliyokuwa inakaribia uhuru. Mtu aliyetumia miaka mingi kupigana na ubaguzi wa rangi, wa makazi ukiwemo, ndiye aliyeuambia mji uliojaribu kuuzuia kwamba njia yake si halali. Hoja ilikuwa kwamba serikali haiwezi kuwaficha watu taarifa ya kweli kwa kuogopa watakavyoitumia; na tena mji haukuwa umeonyesha ushahidi wa kutosha kwamba watu wanakimbia, wala kwamba kuondoa vibao kungewazuia. Mimi nakubaliana na hukumu, ingawa kila nikiisoma nawaonea huruma madiwani wale. Oak Park, jirani ya Chicago, ilikuwa na marufuku kama hiyo, na kwa miaka mingi baada ya hukumu madalali wa pale waliendelea kutoweka vibao kwa hiari yao.

Juu ya mji kuna jimbo, na wakati mwingine jimbo humfunga mji mikono. Minnesota ina kifungu ambacho kila kampeni inakijua kwa kichwa: katika mwaka wa uchaguzi mkuu wa jimbo, kuanzia siku 46 kabla ya kura za mchujo hadi siku 10 baada ya uchaguzi mkuu, vibao visivyo vya biashara vinaruhusiwa kwa ukubwa wowote na idadi yoyote. Kwa 2026 mchujo ni Agosti 11, kwa hiyo dirisha linafunguka Juni 26 na kufungwa Novemba 13. Katikati ya tarehe hizo sheria ndogo ya mji kuhusu ukubwa na idadi inalala usingizi. Mtu mwenye nyumba Brooklyn Park, ambako Wakenya wako wengi, anaweza kujaza nyasi zake vibao 40 vya mgombea mmoja akitaka. Asivuke tu hifadhi ya barabara, maana dirisha halikufungulii huko.

Hapo watu wengi hupumua wakidhani wamemaliza. Kisha inakuja barua kutoka HOA.

HOA ni chama cha wenye nyumba wa mtaa au wa mradi mmoja. Ukinunua nyumba ndani ya mradi huo unakuwa mwanachama utake usitake, unalipa ada, na unafungwa na masharti yaliyosajiliwa pamoja na hati: rangi ya mlango, urefu wa nyasi, gari lipaki wapi, na vibao. Watu huja na hukumu ya Ladue mkononi wakitegemea itawaokoa. Haiwaokoi. Katiba ya Marekani, katika uhuru wa maneno, inaikataza serikali. Chama cha majirani si serikali, na masharti yale uliyakubali siku ya kusaini. Yaani jambo ambalo mji mzima hauruhusiwi kukufanyia, jirani yako mweka hazina anaweza.

Kinachoweza kukusaidia ni bunge la jimbo, nalo husaidia kwa vipimo tofauti. Texas, HOA haiwezi kukataza kibao cha mgombea au cha hoja inayopigiwa kura kuanzia siku ya 90 kabla ya uchaguzi hadi siku ya 10 baada yake. Lakini inaweza kudai kisimame ardhini, kiwe kimoja kwa kila mgombea, na inaweza kuking'oa kikizidi futi nne kwa sita. Binamu yangu wa huko aliandikiwa barua ya onyo kwa bendera ya mgombea aliyoitundika barazani. Alibishana wiki nzima kabla ya kusoma kifungu: barazani si ardhini. Arizona imewalinda hata wauzaji: HOA haiwezi kukukataza kuweka kibao cha kuuza nyumba cha kipimo kinachotumika katika biashara hiyo, inchi 18 kwa 24, pamoja na kile kibao chembamba cha kuning'iniza chini yake, inchi sita kwa 24, kinachoandikwa bei au simu.

Mpangaji yuko chini zaidi ya ngazi. Baba mwenye nyumba naye si serikali, na mkataba wa pango ukisema hakuna vibao, mara nyingi ndiyo mwisho wa habari. California ni tofauti: mpangaji anaruhusiwa kibao cha siasa, na mwenye nyumba anaweza kukibana kisizidi futi sita za mraba, kisiwekwe zaidi ya siku 90 kabla ya kura wala kubaki zaidi ya siku 15 baada yake.

Siku ya kura yenyewe kuna mpaka mwingine. Karibu na kituo cha kupigia kura kampeni hukatazwa. Tennessee iliweka futi 100, na Mahakama ya Juu ikaibariki mwaka 1992. Nyumba ikiwa jirani na shule inayotumika kama kituo, ni busara kupiga simu mapema ofisi ya uchaguzi ya kaunti kuliko kubishana na msimamizi saa moja asubuhi.

Kwa wanaouza nyumba, mambo mawili yanasahaulika. La kwanza ni vile vibao vya mishale vinavyowekwa kona za mitaa Jumamosi na Jumapili kuwaelekeza watu kwenye nyumba iliyo wazi kwa wanunuzi. Kona ile karibu kila mara ni hifadhi ya barabara, au ni nyasi za mtu mwingine. Kuna miji inayovumilia wikiendi tu, kuna inayotaka kibali, kuna inayokataa kabisa. Na kwa nyasi za jirani, mwombe jirani. La pili ni nguzo. Kibao cha waya hakina madhara, lakini ile nguzo nyeupe inachimbiwa shimo, na chini ya nyasi za Marekani kuna gesi, umeme na nyaya za intaneti. Kabla ya kuchimba unapiga 811, nchi nzima namba ni hiyo, nao wanakuja kupaka rangi mahali mabomba yanapopita bila kukutoza chochote. Ndivyo nilivyojua kwamba bomba la gesi la nyumba yangu linapita chini kabisa ya mahali nilipotaka kupanda mti wa mapambo.

Kibao changu walinirudishia, waya ukiwa umepinda. Niliuchomeka tena, safari hii hatua tano nyuma, ukakaa hadi uchaguzi. Mgombea wangu alishindwa. Nikachelewa kuung'oa, baridi ya Minnesota ikaingia, ardhi ikaganda miguu ya waya ikiwa ndani. Nikachomoa plastiki, waya ukabaki umesimama mtupu kwenye theluji hadi Aprili. Sasa umeegemea mnyanya nyuma ya nyumba, ambako hakuna anayeuona.